Nilivyowatia Wazungu Irabu

Mimi ndiye niliyewabadilisha majina Wapolandi arobaini na watatu. Nimeliungama jambo hili lote mara mbili tu kabla ya leo. Mara ya kwanza nilimwambia dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya Same, akacheka hadi akakaa chini. Mara ya pili nilimwambia Bwana Shauri, Mwingereza msaidizi wa mkuu wa wilaya, naye hakucheka. Mchungaji wetu huko milimani hufundisha kwamba dhambi ikiungamwa hupungua uzito. Hii yangu haikupungua. Vita vimekwisha, Wajerumani wameshindwa, na mimi nikikumbuka siku ile bado masikio hunipata moto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa tatu kati ya makarani watatu wa boma. Shule niliiacha darasa la nne baba alipofariki, nikarudi Pare ya Kaskazini kupalilia migomba na kahawa. Mengine yote nilijifundisha. Kupiga chapa nilijifunza juu ya ubao niliouchora herufi kwa mkaa. Niliutwanga kwa vidole mwaka mzima bila kuona hata neno moja likitokea kwenye karatasi. Kiingereza nilikipata katika kamusi iliyokatika mgongo. Ilianzia A, ikaishia R. Mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza na S huniingilia kama wageni wasiobisha hodi.

Aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia, "Basi, inatosha." Barua ya mistari minne niliweza kuichapa mara sita. Herufi ikikaa juu kidogo ya wenzake, nilianza ukurasa upya. Karani mkuu alisema nitamaliza karatasi za Mfalme kabla Mjerumani hajamaliza Ulaya.

Miaka hiyo Serikali ilikuwa inapokea Wazungu wakimbizi. Walikuwa watu wa Poland waliofukuzwa makwao, wakapelekwa kwenye baridi ya Warusi, wakatokea Uajemi, wakapakiwa melini, wakateremshwa Tanga. Kutoka Tanga walipanda treni kwenda kambi iliyojengwa karibu na Arusha. Utaratibu ulikuwa hivi: orodha ya majina hutangulia kwa treni ya kwanza, na watu wenyewe hufuata kwa treni ya pili. Same ilikuwa mahali pa kuwapa chai na mkate. Na kwa kuwa orodha ya Tanga iliandikwa kwa mkono, kwa haraka, boma letu liliagizwa kuichapa upya, nakala safi iende kambini. Kambi ilipokea watu kwa kufuata nakala hiyo. Aliyemo, amefika. Asiyemo, hajazaliwa.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliifungua orodha. Nilidhani aliyeiandika alikuwa mgonjwa. Majina yalianza kwa herufi tatu, nne, zimesongamana mlangoni bila irabu hata moja ya kuzifungulia. Mengine yaliishia hivyohivyo, kama mtu aliyekatwa pumzi katikati ya salamu. Sasa mimi darasa la kwanza niliimba ba-be-bi-bo-bu na wenzangu sitini mpaka sauti ikanikauka. Nilijua, kama ninavyojua kwamba jua huchomoza, kuwa konsonanti haisimami peke yake. M na N hujikaza kidogo, lakini nyingine zote ni watoto wachanga, lazima zibebwe.

Nikazibeba. Nilikwenda jina kwa jina, nikitafuta irabu iliyodondoka njiani kati ya Uajemi na Tanga. Palipostahili i nikaweka i, palipoonekana u nikaweka u. Sikufanya kwa kiburi. Niliwahurumia watu wale: wamepoteza nyumba, wamepoteza nchi, na sasa karani wa Tanga amewapotezea na irabu. Nilichapa tangu asubuhi mpaka tarishi akaja kufunga madirisha. Pembeni palinyooka, hakuna herufi iliyopanda wala kushuka. Nilijiambia kwamba huo ndio ukurasa wa kwanza maishani mwangu usio na kosa. Nakala ya kambi ikaondoka kwa treni ya jioni hiyo.

Siku ya pili yake wakaja wenyewe.

Sisi wa Same tulikuwa tumezoea Mzungu mwenye kofia ngumu, na nyuma yake mtu wa kumbebea kiti. Hawa waliteremka na vitambaa kichwani, viatu vimefungwa kamba, wanakula mkate mpaka na makombo. Wanawake wa sokoni waliwatazama kwa adabu, halafu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe wapo na wa namna hii?"

Kati yao alikuwamo bibi mmoja aliyetetemeka kwa homa hadi kikombe kikamwagika. Alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka kama saba, amemshika mkono. Dresa alimgusa bibi paji la uso, akasema, "Malaria hiyo. Akiendelea na safari, mtamzika Moshi." Bibi akashushiwa mzigo wake. Mtoto naye akataka kubaki, lakini mwangalizi wa msafara, Mwingereza mwenye karatasi zake, akatikisa kichwa. Bibi ni mgonjwa na sheria ya wagonjwa ipo. Mtoto si mgonjwa, na yumo katika orodha ya watakaofika, kwa hiyo lazima afike. Wakamrudisha behewani, wakamfungia mlango. Treni ilipoondoka, kelele za mtoto yule zilisikika mpaka penye kona ya mkonge. Bibi hakupiga kelele. Alibaki amenyoosha mkono uleule uliokuwa umeshikwa.

Siku tisa alikuwa hajijui. Ya kumi aliamka, akanywa uji, akatoka nje ya zahanati, akaona bustani ya dresa imejaa magugu, akachukua jembe.

"Karani, njoo uone," dresa aliniita nilipokwenda kuchukua taarifa ya wagonjwa. Dresa alikuwa mtu wa Mhezi, amenipita miaka ishirini, na hakuna siku aliyoacha kunitania kwa kuwa natoka kaskazini. "Yule si Mzungu. Mzungu gani anakagua mpini kabla hajashika? Yule ni wa kwetu Pare ya Kusini, alipotea zamani akapauka."

"Shikamoo, dresa," nikasema.

"Marahaba. Na yeye msalimie, anajua kuitikia. Nimemfundisha."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akaitikia bila kuinua kichwa, akang'oa gugu.

Bomani habari hiyo haikupendeza. Bwana Shauri alimtuma askari aseme kwamba Mzungu asionekane na jembe barabarani. Dresa akapandisha shuka la hospitali kwenye kamba, bibi akalima nyuma ya shuka.

Kila treni ilipopiga honi, aliacha jembe, akasimama ameinamisha sikio. Halafu alinyoosha kiganja usawa wa nyonga yake, urefu wa mtoto, akamtazama dresa. Dresa alimjibu neno moja kila siku: "Bado." Baada ya "marahaba", neno hilo ndilo bibi alilolijua kwanza.

Bwana Shauri alikuwa amepeleka simu ya maandishi kambini, akinakili jina kutoka hati ya bibi mwenyewe, hati yenye mihuri ya serikali tatu: mgonjwa amepona, aletwe lini? Jumatano jibu likaja. Alituita makarani wote, akasoma. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa Serikali, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Mara nyingi alitusahihisha ngeli.

"Wanasema hivi: jina hilo halimo katika orodha, asiletwe." Akafungua na barua iliyokuja kwa treni. "Tena wanasema wengine wote waliishia kuitika, lakini wanaye mtoto wa kike, alifika bila jamaa. Katika orodha limebaki jina moja la mtoto lisilo na mtu, lakini wakimwita kwa jina hilo haitiki. Wanadhani taabu imemsahaulisha jina lake. Watamtia katika orodha ya watoto wasio na jamaa. Orodha hiyo inafungwa Jumamosi saa sita mchana, na watoto hao watashushwa pwani, wapelekwe kwa meli nchi nyingine huko kusini wakalelewe."

Karani mkuu akasema, "Maskini, kasahau jina!"

Mtoto hakusahau jina. Jina analoitwa nilimpa mimi.

Nilikwenda kabatini nikatoa orodha ya Tanga na nakala yangu ya faili, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Kisha nikaiweka hati ya bibi pembeni. Mihuri mitatu, serikali tatu, na zote zimeandika konsonanti zilezile zimesongamana vilevile. Serikali tatu haziwezi kudondosha irabu ileile. Hapo nikaelewa kwamba ziko lugha ambazo konsonanti hutembea peke yake bila kubebwa, wala haianguki. Katika kamusi yangu hilo halikuwamo, au labda liliandikwa kwenye S.

Nilimkimbilia dresa. Nilimweleza, naye ndipo alipokaa chini.

"Umewatia irabu?" akasema akifuta macho. "Wote?"

"Wote arobaini na watatu."

"Mdogo wangu! Hitila kawatia risasi, wewe umewatia irabu!"

"Dresa, usicheke. Nitafukuzwa kazi. Mama yangu ameliambia kanisa zima kwamba mimi ni karani."

Akaacha kucheka. Bibi alikuwa nyuma ya shuka, tunasikia jembe. "Leo ni Jumatano," dresa akasema. "Wewe ukifukuzwa utarudi kwenu, utamkuta mama yako palepale. Huyu je?"

Sikulala vizuri, na sitajisifu kwamba nilishinda woga. Alhamisi asubuhi nilifika mlangoni kwa Bwana Shauri mara tatu, mara mbili nikajifanya nimeleta wino. Mara ya tatu akasema bila kuinua macho, "Karani, wino huu utanizamisha. Sema."

Nikasema yote, pamoja na ba-be-bi-bo-bu. Nilimwonyesha karatasi mbili. Alisoma nakala yangu polepole, midomo ikitikisika, jina la kwanza mpaka la mwisho. Nilingoja neno "umefukuzwa". Nilikuwa nimekwisha kuzisafisha kalamu zangu ili nizikabidhi.

"Haya yanatamkika," akasema.

"Ndiyo, bwana. Nisamehe, bwana."

"Ni makosa matupu."

"Ndiyo, bwana."

Nikamwomba ruhusa nichape orodha mpya usiku na mchana, ipelekwe. Akatikisa kichwa. "Orodha iliyokwisha kupokelewa kambini ni orodha ya Serikali. Haibadilishwi ila kwa kibali cha Dar es Salaam. Kibali huchukua wiki sita, kikiharakishwa." Akasimama dirishani. "Orodha hatuwezi kuisahihisha. Basi itabidi tumsahihishe bibi."

Ndivyo Serikali ilivyoamua. Bibi ataandikiwa hati ya njia kwa jina langu, yaani jina nililompa, na kesho Ijumaa atapanda treni. Akifika kambini ataitwa, ataitika, atakuwa ndiye. Kisha atamdai mjukuu kabla ya Jumamosi saa sita. "Na wewe utampeleka," Bwana Shauri akasema. "Umfundishe jina njiani. Asipoitika, msirudi wote wawili."

Kujaza hati ya njia kulinitoa jasho, kwa kuwa boma halikuwa na fomu za wakimbizi. Zilikuwapo zetu tu. Fomu iliuliza: kabila, jina la chifu wako, sababu ya kuondoka kijijini. Mimi siwezi kuacha mstari mtupu, nitaota. Kwenye chifu niliandika "Hana kwa sasa." Kwenye sababu ya kuondoka kijijini niliwaza sana, nikaandika "Vita."

Treni ilituletea shida yake. Bibi, kwa kuwa ni Mzungu, alitiwa daraja la pili. Mimi msindikizaji wake nilitiwa daraja la tatu, mabehewa manne nyuma, nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na mzee mwenye magunia ya maharage. Kwa hiyo masomo yalifanyika kwenye vituo. Treni ikisimama, niliruka, nikakimbia mpaka dirishani kwake, nikajigonga kifua cha koti na kusema silabi ya kwanza.

Lembeni, alidhani naumwa. Alinipa kipande cha mkate.

Kisangara, alielewa kwamba nasema neno, akalirudia vizuri, akacheka. Nikamwonyesha hati, kidole kwenye jina, kisha kidole kwake. Alisoma. Uso ukamkunjamana, akachomoa hati yake ya mihuri mitatu, akaipigapiga mbele ya pua yangu: hili! Honi ikalia, nikakimbia.

Kahe treni ilikaa muda mrefu ikingoja maji. Nilijua hapo ndipo pa kushinda au kushindwa. Nilinyoosha kiganja usawa wa nyonga yangu, urefu wa mtoto. Nikaonyesha jina kwenye hati, nikaonyesha kiganja. Nikalifunika jina kwa mkono na kuondoa kiganja, nikatikisa kichwa. Nikalifunua tena, nikarudisha kiganja.

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda kijana mwenye kola iliyolowa, anayekaribia kulia. Kisha akasema jina lote, silabi saba, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama wa kuku alikuwa amenifuata ili aone kichaa changu. Akasema, "Eh, kasema vizuri! Jina lake zuri, la Kipogoro?"

Kutoka hapo bibi alijifundisha mwenyewe. Moshi nilipofika dirishani alikuwa analisema macho amefumba.

Kambini tulifika Ijumaa jioni, ofisi imefungwa. Jumamosi saa tatu asubuhi tulisimama barazani mbele ya meza ya mkuu wa kambi, Mwingereza mwenye masharubu mekundu. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili, na mojawapo niliitambua kwa unyoofu wake. Alilisoma jina la bibi bila kujikwaa, kwa madaha kabisa.

"Ndiyo, bwana," bibi akaitika, Kiswahili chote nilichomfundisha.

Akatiwa alama. Nilishika nguzo ya baraza.

"Mtoto," mkuu wa kambi akasema. Muuguzi wa kambi akamleta mtoto. Alipomwona bibi alimrukia, wakashikana wakalia, na mimi nikadhani mambo yamekwisha. Lakini mkuu wa kambi aliinua kalamu. Mtoto hawezi kutolewa katika orodha ile ya meli kabla hajaitikia jina lililo katika orodha hii. Ndivyo ilivyoandikwa.

Akamwita. Mtoto akatikisa kichwa na kusema jina lake la kwao, kwa sauti kubwa, konsonanti zote zikitoka pamoja kama punje zinazomwagika.

Akamwita tena. Mtoto akagonga mguu chini, akasema lilelile. Nilimpenda na nikatamani kumziba mdomo. Nilijiona mwenyewe ndani yake: huyu hatakubali herufi moja ikae vibaya, hata kama atapakiwa melini.

Bibi akachuchumaa. Akajigonga kifua, akalisema jina nililompa yeye, silabi saba, kwa uso wa kanisani. Mtoto akamtazama kwa mshangao. Bibi akalirudia, safari hii akiyumbisha kichwa kila silabi. Mtoto akacheka, machozi yangali yakitiririka. Akacheka jinsi mtoto anavyomcheka bibi yake aliyevaa kofia ya mwanamume. Bibi akamgusa kifuani na kungoja.

Mkuu wa kambi akaita mara ya tatu. Mtoto akajibu kwa kulirudia jina lote aliloitwa, akicheka katikati ya silabi, akamalizia kwa kwikwi.

Kalamu ikatia alama kwenye karatasi moja, ikafuta mstari kwenye ile nyingine. Ilikuwa haijatimia saa nne.

"Nani alichapa orodha hii?" mkuu wa kambi akaniuliza. Nikamwambia ni mimi, na kwamba imejaa makosa, na kwamba ninaweza kumwonyesha yote. "Sitaki kuyaona," akasema. "Hii ndiyo orodha pekee ninayoweza kuisoma. Jumatatu wanapita wengine sitini. Uchape kama hii." Nilimjibu kwamba nitachapa majina yao kama walivyoyaandika, na chini ya kila jina, kwa herufi ndogo, nitamwekea namna ya kulitamka. Alisema huo si utaratibu uliokubaliwa. Nikamwambia aombe kibali Dar es Salaam, na wakati akingoja, mimi nitakuwa nachapa. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja: bibi hakuwa ametia sahihi hati ya njia, nayo nilitakiwa kuirudisha bomani. Nilipokumbuka, yeye na mjukuu walikuwa wamekwisha kushika njia ya vibanda, mtoto amepanda mgongoni. Nikakimbia na kalamu, nikamwita kwa lile jina, silabi zote saba, kwa nguvu.

Hakugeuka.

Nikaita tena. Wala mtoto hakugeuka, walikuwa wanazungumza.

"Bibi!" nikasema.

Akageuka. Akaiweka hati juu ya goti, akashika kalamu, akaandika jina lake la kwao kwa herufi za kulala, moja ikiishika nyingine, bila nafasi ya kupenyeza hata i. Halikufanana na lililochapwa juu yake. Nilipuliza wino ukauke, nikaikunja hati.